Kuelea au Kuachia? Uhakiki wa Istilahi za Beringi za Shafti

Shafti ya mashine aghalabu hushikwa na beringi mbili zenye majukumu tofauti. Ya pili kuiita "beringi inayoelea" ni tafsiri sisisi yenye kasoro ya kimaana. Katika Kiswahili, kinachoelea hubebwa. Beringi hii ndiyo inayobeba. Huhimili uzito wa shafti, na uhuru inaoutoa ni wa mwendo wa kufuata urefu wa shafti tu.

Uhuru huo una sababu. Shafti ya chuma ya mita 1 hurefuka kwa takribani milimita 0.6 joto lake linapopanda kwa nyuzi 50 za Selsiasi. Kwa hiyo beringi moja hufungwa pande zote ili shafti isihame, na nyingine huachiwa nafasi. Fundi akizikaza zote mbili, husukumana, hupata joto na kuharibika mapema.

"Beringi telezi" nayo haifai, kwa kuwa inastahili zaidi aina isiyo na gololi wala rola. Jozi "beringi ya kushikilia" na "beringi ya kuachia" hutaja kazi yenyewe. Istilahi inayomficha mwanagenzi kazi ya kifaa haijakamilika, hata ikishaidhinishwa.