Mtungaji wa Kichekesho Asiye na Jina

Mshairi wa Kiswahili hupenda kutia jina lake katika beti za mwisho, lakini mtungaji wa kichekesho cha televisheni hufichwa na kicheko chenyewe. Mfano wake ni kundi la Ze Comedy, lililopata sifa katika kituo cha EATV, Dar es Salaam. Watazamaji waliwajua Joti, Masanja, Mpoki na wenzao kwa majina ya uigizaji. Wachache waliuliza ni nani aliyewaza kuigeuza taarifa ya habari kuwa dhihaka. Kundi lilipohamia TBC1 mwaka 2008 lilijiita Orijino Komedi. Jina hilo lilikuwa dai: kwamba asili ya kichekesho imo kwa watungao, si kwa kituo kirushacho.

Dai hilo ni la haki, lakini halitoshi. Vichekesho vya jukwaani, vilivyovuma kabla televisheni haijaanza Tanzania Bara mwaka 1994, vilitungwa katika mazoezi, mmoja akitoa neno na mwenzake akilikata au kulizidisha. Utungaji huo ni kazi kamili, ila hauachi karatasi. Kijana wa Zinga ajifunzaye maigizo katika TaSUBa, Bagamoyo, huweza kuisoma tamthilia iliyochapwa na kuipima neno kwa neno. Kichekesho hukikuta katika nyuso na sauti tu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Yawapasa wahakiki kuyaandika maneno hayo, na kando yake majina ya walioyatunga.