Barua Iliyoliwa na Bahari

Riwaya nyingi za upelelezi za watoto huanza na kitu kilichopotea. Beyond the Bright Sea ya Lauren Wolk, iliyotoka Marekani mwaka 2017, inaanza na mtoto aliyepatikana: kichanga cha saa chache tu, kimefungwa ndani ya mashua kuukuu na kuachiwa mkondo ukipeleke utakakokipeleka. Msimulizi ndiye mtoto huyo mwenyewe. Anatuambia habari hiyo mara tu tunapofungua kitabu, kwa utulivu wa mtu aliyeishi nayo miaka yote.

Mwandishi mwenye pupa angeificha siri hiyo hadi katikati ya kitabu, kisha aitoe kwa kishindo. Wolk anaitoa mapema, na kwa kufanya hivyo anaondoa swali jepesi ili tubaki na mazito mawili: ni nani aliyemwachia bahari mtoto huyu, na kwa nini? Hilo la pili ndilo linalomkosesha usingizi msichana. Mtoto akijua kwamba aliachwa, hawezi kuepuka kujiuliza kama hakutakiwa.

Mtu aliyemwokota anaitwa Osh. Ni mchoraji, anaishi peke yake kwenye kisiwa kidogo kando ya Cuttyhunk, katika Visiwa vya Elizabeth, jimbo la Massachusetts. Nyumba yake ameijenga kwa mabaki ya vyombo vilivyovunjika baharini. Akamwita mtoto Crow, yaani kunguru, kwa kuwa alikuwa amelia hadi sauti ikakauka. Ng'ambo ya maji anaishi Miss Maggie, anayemfundisha Crow kusoma na kumletea dawa akiugua. Hao watatu, pamoja na paka anayeitwa Mouse, ndio familia nzima, ingawa hakuna damu inayowaunganisha.

Wolk hasemi mapema kwa nini watu wengine wa Cuttyhunk wanamkwepa Crow. Anatuonyesha mikono isiyomgusa na watu wanaosogea kando akipita. Msomaji mtoto anaona ubaguzi kabla hajaelezwa chanzo chake, kama Crow mwenyewe alivyouona. Kisha jina la kisiwa cha jirani, ambako watu hao wanashuku kwamba ndiko alikotoka, linatajwa: Penikese.

Penikese si kisiwa cha kubuni. Serikali ya jimbo ilifungua hospitali ya wagonjwa wa ukoma pale mwaka 1905 na kuifunga mwaka 1921, wagonjwa waliobaki wakapelekwa mbali, Carville, jimbo la Louisiana. Wakati huo ukoma haukuwa na tiba ya kweli. Dawa zilianza kupatikana miaka ya 1940. Kwa hiyo aliyepelekwa Penikese alitengwa na mke, na wazazi, na watoto, na wengine walizikwa hukohuko. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu hapa. Kijiji cha Kindwitwi kule Rufiji na hospitali ya Alupe kule Busia ni majina yanayotosha kumkumbusha jinsi ugonjwa huu ulivyokata watu na jamaa zao.

Ndani ya riwaya ni mwaka 1925, Crow ana miaka kumi na miwili, na hospitali imeshafungwa. Usiku mmoja anaona moto ukiwaka Penikese, mahali ambapo hapapaswi kuwa na mtu wa kuwasha moto. Mwanga huo ndio unaoamsha maswali yote aliyokuwa ameyalaza.

Vidokezo alivyo navyo ni vichache: pete ya yakuti nyekundu, alama ya kuzaliwa shavuni yenye umbo la unyoya, na barua iliyosafiri naye mashuani. Barua hiyo ndiyo ninayoihusudu kuliko vyote. Wino umefifia, maneno machache yamebaki, na kati yake pana mapengo. Wolk angeweza kuiacha barua nzima, na fumbo lingekwisha siku hiyohiyo. Angeweza pia kuifuta kabisa. Amechagua kiasi kinachomtosha mtoto kukisia na kisichomtosha kujua. Kila Crow anapopata habari mpya, anarudi kwenye mabaki yaleyale ya maneno, nayo yanabadilika maana mbele yetu ilhali herufi hazijabadilika. Kuandika hivyo ni kazi ngumu: kila neno lililobaki lilipaswa kubeba maana ya mwanzo, ile ya katikati, na ile ya mwisho.

Mwendo wa uchunguzi nao umepimwa vizuri. Crow na Miss Maggie wanaandika barua kwa watu waliowahi kufanya kazi hospitalini, kisha wanangoja. Hakuna simu ya kufupisha njia. Kuna chombo kinacholeta posta, na kuna maji yanayojaa na kupwa. Wolk anautumia muda huo wa kungoja kutuonyesha Osh.

Osh ndiye ushahidi wa ustadi mkubwa zaidi wa kitabu hiki. Naye ameachana na watu wake, ametoka mbali, na hapendi kuulizwa ametoka wapi. Kwake yaliyopita yangebaki yalipo. Crow anapoanza kupeleleza, kila hatua inayomsogeza kwa wazazi waliomzaa inaonekana kumwondoa kwa mtu aliyemlea. Katika riwaya nyingi za aina hii, kujua ni faida tupu: mhalifu anakamatwa, mali inarudi. Hapa mtoto ana haki kamili ya kuuliza, na mlezi ana hofu ya haki kabisa, na hakuna kati yao anayemkosea mwenzake. Wolk hampi Osh hotuba ya kulalamika. Anamfanya akae kimya, ajishughulishe na rangi zake, ajibu kwa ufupi. Kisha anamfanya atweke tanga na kumpeleka Crow Penikese yeye mwenyewe.

Kitabu kina pia mtu mwovu na habari za hazina iliyofichwa, lakini hivyo havikunigusa kiasi hicho. Naona vimewekwa ili kurasa zikimbie, na kwa msomaji wa miaka kumi vinafanya kazi yake. Kitabu kilipata Tuzo ya Scott O'Dell ya riwaya za kihistoria mwaka 2018. Kwangu kingestahili hata kwa safari ile moja tu, mtu aliyeogopa kumpoteza mtoto akiwa ndiye anayeshika usukani.