Fundi wa Maji Moto

Anayetoka Mlolongo kwa barabara ya Mombasa na kukata kona Kyumbi kwenda Machakos mjini huyaona juu ya mapaa: matangi marefu yaliyolazwa, na mbele ya kila tangi vioo vinavyotazama jua. Kanuni za serikali za mwaka 2012 zilitaka jengo lolote linalohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku liwe na mtambo wa sola wa kuyapasha. Kuufunga mtambo ni kazi ya siku moja au mbili. Kuutunza ni kazi ya miaka, na fundi anayeifanya hapewi heshima inayolingana na ujuzi wake.

Machakos si mahali rahisi kwa hita. Vilima vya Mua na Iveti vina chemchemi za maji matamu, na bwawa la Maruba huusaidia mji, lakini nyumba nyingi za Syokimau, Katani na Athi River hutegemea visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine. Maji ya humo mara nyingi yana chumvi, na mengine ni magumu, yaani yamebeba chokaa iliyoyeyuka. Kila mpishi ameuona ule ukoko mweupe ndani ya birika. Chokaa ni kinyume cha sukari: maji yakizidi kupata moto, chokaa huzidi kujitenga nayo na kuganda. Ndani ya hita huganda juu ya elementi ya umeme inayolisaidia jua na kutuama chini ya tangi. Elementi iliyovaa ukoko haiwezi kutoa joto lake vizuri. Hujichoma yenyewe, na bili ya umeme hupanda. Tangi nalo huanza kunguruma na kupasuka-pasuka, kwa kuwa maji yaliyonaswa chini ya mchanga ule wa chokaa huchemka na kutafuta njia ya kutoka.

Ndiyo maana fundi mzuri, kabla ya kushika spana, huuliza, "Mama, maji yenu ni ya kisima au ya mfereji?" Swali hilo ni nusu ya matibabu. Maji ya kisima yanampa habari kwamba elementi itolewe na kulowekwa kwenye siki au asidi ya limau mpaka povu likome, na kwamba tangi litasafishwa mara nyingi kuliko kijitabu cha kiwandani kinavyosema. Yanamwambia pia kwamba anodi imekwisha au inakaribia kwisha.

Anodi ndiyo siri ya kazi hii, na wenye nyumba wengi huishi na hita miaka mingi bila kujua kwamba ipo. Ni fimbo ya magnesiamu iliyovishwa kwenye waya wa chuma cha pua au cha kawaida, ikafungwa kwa nati kubwa juu au ubavuni mwa tangi. Fundi huzima umeme, hupima kwa testa kuhakikisha, hufunga maji, hupunguza presha, kisha hutia spana yenye mkono mrefu. Nati hulia kidogo ndipo ikubali. Kinachotoka kinaweza kuwa fimbo nene yenye mashimo-mashimo, au kinaweza kuwa waya mtupu wenye vinundu vyeupe vilivyosalia huku na huku. Fundi huipitishia kidole kutoka juu hadi chini, na kwa kuigusa tu ameshajua hali ya tangi ambalo hawezi kuliona ndani.

Tangi la chuma hupakwa enameli ndani, lakini enameli haikosi ufa. Metali mbili zilizounganishwa zikikaa katika maji mamoja, ile iliyo nyepesi zaidi kutoa elektroni ndiyo huliwa, na mwenzake husalimika. Magnesiamu huliwa kwa niaba ya chuma. Humphry Davy, mwanakemia Mwingereza, alilitumia jambo hilo mwaka 1824 kuzilinda bamba za shaba zilizofunika matumbo ya meli za kivita, akazibandika vipande vya zinki na chuma. Shaba ikapona. Tatizo likawa kwamba shaba isiyoyeyuka haikuweza tena kuwafukuza viumbe wa baharini, nao wakajishikiza kwa wingi hadi meli zikaenda pole.

Penye maji matamu fimbo hiyo huweza kudumu miaka mitatu hadi mitano. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, kwa hiyo huila upesi, na pengine haimalizi hata mwaka mmoja. Kuna na jambo la harufu: maji moto yakianza kunuka kama yai bovu, mara nyingi ni bakteria wanaogeuza salfeti kuwa gesi, na magnesiamu huwachochea. Dawa ni kulisafisha tangi na kuweka anodi ya aluminiamu iliyochanganywa na zinki. Anayeng'oa anodi na kuacha nati tupu ameondoa harufu na kuliua tangi kwa wakati mmoja.

Huko Marekani, wanaosafiri kwa magari yenye vitanda na jiko ndani hufuata kanuni hiyo hiyo. Katika baadhi ya hita za magari hayo anodi imeunganishwa na kizibo cha kumwagia maji, hivyo anayemwaga maji kabla ya majira ya baridi huishika mkononi, apende asipende. Hofu yao kubwa ni barafu kupasua tangi. Machakos hofu ni ukame.

Maji ya mgao yakikatika siku tatu na jua likaendelea kuwaka, mirija ya vioo ya mtambo wa sola iliyokauka hupanda joto kupita nyuzi 200. Mwenye nyumba akifungulia maji ya lori saa saba mchana, kioo hupasuka. Fundi husubiri jua lizame au hupanda paani alfajiri. Ikibidi kufanya kazi mchana, hufunika mirija kwa gunia muda mrefu kwanza. Akiwa huko juu huutazama mwisho wa kila mrija. Mng'ao wa fedha unaonyesha kwamba ndani hakuna hewa. Ukiwa umegeuka mweupe kama maziwa, hewa imeingia, na mrija huo haufai kitu hata kama hauna ufa unaoonekana.

Machakos, ilipokuwa wilaya, iliwahi kuwashangaza wataalamu kwa subira ya namna hiyo. Kitabu cha watafiti Tiffen, Mortimore na Gichuki cha mwaka 1994 kilieleza jinsi watu wa Machakos walivyoongezeka mara nyingi huku mmomonyoko wa udongo ukipungua, sababu mojawapo ikiwa makinga maji ya fanya juu, yaani mitaro ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu, yaliyochimbwa na kurekebishwa kila msimu kabla mvua haijafika. Familia zinazotunza makinga maji hayo zinajua thamani ya kazi inayofanywa wakati hakuna kilichoharibika. Inasikitisha kwamba familia hizo hizo humwita fundi wa hita siku tangi linapovuja kwenye dari, wakati fimbo ya bei ndogo ingaliokoa mtambo mzima.

Fundi huikagua pia valvu ya usalama, huinua mkono wake na kuacha maji yatoke kidogo, kwa sababu valvu iliyoganda kwa chokaa haitafunguka presha itakapozidi. Hupima joto la maji: nyuzi 60 huwaua bakteria wa legionela, waliogunduliwa baada ya mlipuko wa ugonjwa huko Philadelphia mwaka 1976, lakini maji ya kiasi hicho humbabua mtoto, kwa hiyo huweka valvu ya kuchanganya maji moto na baridi karibu na bafu.

Kabla ya kushuka huzungusha tepu nyeupe kwenye uzi wa anodi mpya, hukaza, hufungua maji, hukagua kama kuna tone, na ndipo hurudisha umeme, maana elementi isiyofunikwa na maji huungua mara moja. Pale ambapo dari iko chini mno kwa fimbo ndefu, huchagua ile ya vipande vilivyoungana kama mnyororo. Halafu huandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa tangi, na kumwambia mwenye nyumba aagize nyingine mapema.