Karama na Siafu: Ukinzani Usio wa Silaha Katika Maandishi na Katika Usukuma

Imekuwa desturi kukisoma Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotolewa mwaka 1951, kama fumbo la Waafrika chini ya utawala wa kigeni. Usomaji huo hauna kosa, ila umeishia njiani. Karama anashitakiwa kwa kufundisha uanasheria. Hashiki silaha, hatoroki, wala hatukani. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na mema, wakalipwa kifungo. Mwishowe mfalme anasadiki na wafungwa wanafunguliwa. Hapo ndipo wahakiki wanapopita upesi mno. Ushindi wa Karama wategemea sharti moja ambalo kitabu hakilitaji: kwamba mtawala ana masikio. Sharti hilo likiondolewa, hotuba zabaki nzuri na wajumbe wabaki gerezani.

Sharti hilo lilipimwa kando ya Ziwa Victoria mwaka 1958. Asimamaye Kigongo, katika wilaya ya leo ya Misungwi, huitazama Busisi ng'ambo ya ghuba. Upande ule siku hizo ulikuwa wa wilaya ya Geita. Huko serikali ilishikilia kuweka baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, na wenyeji wakalikataa. Hasira ilikwisha kulimbikizwa na amri za kupunguza mifugo na za kulima matuta, na tangu 1954 TANU ilikuwa imenyimwa kuandikishwa katika Usukuma. Umati ulifunga safari hadi Mwanza kupeleka shauri lake kwa mkuu wa jimbo, ukangoja kusikilizwa. Ulijibiwa kwa moshi wa kutoa machozi. Lugha ya utawala ikayaita mambo hayo machafuko, ingawa waliofika walikuja kusema.

Hata hivyo, katika mwaka huo huo Gavana Turnbull aliiacha siasa ya kulazimisha mabaraza hayo. Si utamu wa hoja peke yake uliomgeuza. Baraza lisilo na watu halitawali, na amri isiyotiiwa na wilaya nzima haina askari wa kuitosha.

Kwa jambo hili Saadani Kandoro ni mwalimu bora kuliko Shaaban Robert. Alikuwa mmoja wa waasisi wa TANU na alikitumikia chama katika jimbo hilo hilo la Ziwa. Katika shairi lake «Siafu Wamekazana», wadudu wadogo wanamtoa nyoka katika pango. Kitenzi chenyewe chastahili kuangaliwa. Kukaza ni tendo la mmoja. Kiambishi -an- chalifanya kuwa la wengi, na maana inabeba bidii na mshikamano kwa pamoja. Karama ana jina na ufasaha. Siafu hana jina, wala hahitaji ruhusa ya nyoka ili asikike.

Kiswahili kina kugoma, kususia na kukaidi, nayo yote yaeleza kukataa tu. Neno la Gandhi, satyagraha, limeundwa kwa sehemu mbili: ukweli, na kushika kwa nguvu. Yafaa kusema kwamba waandishi wetu wawili waligawana neno hilo bila kukusudia. Karama alichukua ukweli, siafu wakachukua kushika.

Lakini fumbo la Kandoro nalo lina ufa, na mashabiki wake hawapendi kuutazama. Siafu huuma, ndiyo sababu nyoka anatoka. Anayelisoma shairi hilo kama fundisho la amani hana budi aeleze meno hayo yamekwenda wapi. Watu wa Geita walikuwa wengi kama siafu, nao walikwenda Mwanza na maneno, kama Karama. Mfano wao haumo katika Kusadikika wala katika shairi la siafu, na mhakiki atakayeutafuta itampasa asome maandiko yote mawili kwa pamoja, kila moja likilidai lenzake kile lilichokiacha.