Nahodha wa Louisa

Sisi tukaao Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, ambao ghuba yetu imekingwa na rasi ya Ubwari, twaijua sana habari ya Liemba, meli iliyoundwa Papenburg, ikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa upya Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Lakini ni wachache waliotanabahi kwamba manowari ya Kijerumani iitwayo Louisa, katika filamu ya The African Queen ya mwaka 1951, imenasibishwa na meli hiyohiyo, na kwamba nahodha wake, aliyeigizwa na Mwingereza mnene Peter Bull, ni mmoja wa waovu waliofumwa kwa ustadi mkubwa katika muda mfupi mno.

Katika filamu hiyo, wahusika wa Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wamekamatwa ziwani, wamehukumiwa, na kitanzi ki tayari. Bogart aomba wafungishwe ndoa kwanza. Mwigizaji hafifu angalikunja uso, au angalinguruma. Bull ashangaa kidogo tu, kama karani aliyeombwa cheti kisicho cha kawaida, kisha aridhia, awaoza kwa maneno machache, na kwa sauti ileile, pasipo kituo, aamuru unyongaji uendelee. Mtazamaji hucheka, na kicheko chamkwama kooni, kwa kuwa hakuonyeshwa mpaka wowote baina ya hisani na mauti. Kama nahodha angalipumua mara moja tu kati ya kauli zile mbili, tungalidhani kuwa ana dhamiri.

Wala ziwa lenyewe halikumsaidia Bull: Louisa ionekanayo kwa mbali ni Buganda, meli ndogo ya kuvuta nyingine, mali ya shirika la reli na bandari la Afrika ya Mashariki, iliyokuwa ikifanya kazi Ziwa Victoria, na karibu nusu ya filamu ilipigwa studioni karibu na London. Hata hivyo amri hazikuwa ngeni kinywani mwake, kwani wakati wa Vita Kuu ya Pili aliongoza vyombo vya kuteremshia vifaru katika jeshi la majini la Uingereza, akatunukiwa nishani. Nami nadhani utulivu ule wa nahodha asiyehitaji kupaza sauti aliupata huko.

Mbinu hiyo ya utulivu aliichukua kokote alikokwenda. Mwaka 1955, tamthilia ya Samuel Beckett ya Waiting for Godot ilipochezwa London kwa mara ya kwanza, yeye ndiye aliyekuwa Pozzo, bwana amwendeshaye mtumishi kwa kamba huku akizungumza kwa adabu. Katika Tom Jones ya 1963 akawa Thwackum, mwalimu mkali ajifichaye nyuma ya dini. Na katika Dr. Strangelove ya 1964, akiwa balozi wa Kisovieti, dunia i karibu kuteketea, naye ajitenga kando, kwa upole uleule, apige picha za siri za chumba cha vita cha wenyeji wake.