Phryne wa Gérôme na Mikono Usoni

Phryne alikuwa kahaba maarufu wa Athens, karne ya 4 kabla ya Kristo, aliyeshtakiwa kwa kuwakufuru miungu. Wakili wake, Hypereides, alipoona kesi inamponyoka, alimfunua kifua mbele ya waamuzi, nao wakamwachia. Ndivyo anavyosimulia mwandishi Mgiriki Athenaeus, aliyeandika karne nyingi baadaye. Lakini huyo huyo Athenaeus amehifadhi maneno ya mtunzi wa vichekesho, Posidippus, aliyeishi karibu zaidi na kesi hiyo, na humo hakuna anayefunuliwa: mwanamke anawashika waamuzi mikono, mmoja mmoja, akilia.

Mchoraji Mfaransa Jean-Léon Gérôme alichagua masimulizi yenye soko, kisha akayazidisha. Katika picha aliyoipeleka kwenye maonyesho ya Salon mjini Paris mwaka 1861, ambayo leo iko Hamburg, Phryne hana hata uzi mwilini.

Kazi kubwa imefanywa na rangi. Wazee wa Areopago, yaani baraza la waamuzi, wamevaa majoho mekundu, ukumbi una giza, Hypereides amelinyakua vazi la buluu, na mwili mweupe unabaki peke yake kwenye mwanga. Jicho halina pengine pa kwenda. Brashi haikuacha alama. Ngozi imelainishwa mpaka inakaribia marumaru, na umarumaru huo ndio kibali: uchi wa sanamu ya Kigiriki ulipokelewa kwa heshima, uchi wa jirani haukupokelewa. Nyuso za wazee, kinyume chake, zimechorwa kwa dhihaka, kila moja na mshangao wake. Tunawacheka kwa kukodoa macho, huku na sisi tukikodoa.

Halafu kuna mikono iliyouficha uso. Mpiga picha Nadar alimpiga picha mwanamitindo aliyejiziba uso vivyo hivyo, na picha hiyo huhusishwa na maandalizi ya Gérôme. Mwanamke wa Paris mbele ya kamera alikuwa na sababu ya kuficha sura yake. Phryne, anayesimuliwa kuwa alifungua nywele akaingia baharini mbele ya umati wa sikukuu, aone haya ya nini? Mchoraji Degas alimlaumu Gérôme kwa hilo hilo. Kwa ufundi, hata hivyo, ishara hiyo ilikuwa hesabu nzuri: aliyefumba macho hamwoni anayemtazama, na mnunuzi wa picha anatazama kwa raha zake.

Mwaka 1865, kwenye Salon hiyo hiyo, mchoraji Manet alionyesha picha yake Olympia, kahaba anayekukazia macho. Watu wakaghadhibika.