Panya, Pimbi au Sange?

Mwalimu wa Kamachumu atakaye kuwafundisha wanafunzi wake habari za wanyama waliotoweka hana haja ya kwenda mbali. Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, huko Karungu nchini Kenya, Felix Oswald alichimbua masalia ya kale, na miongoni mwake zilikuwamo taya za mnyama mdogo ambaye C. W. Andrews alimpa jina la Myohyrax oswaldi mwaka 1914. Shida ya mwalimu ni kumtaja mnyama huyo kwa Kiswahili.

Mazoea yetu ni kulipasua jina la kigeni na kufasiri kila kipande: 'myo' ni panya, 'hyrax' ni pimbi, basi 'pimbi-panya'. Istilahi ya namna hiyo hatuikubali. Andrews alipotoshwa na meno, marefu kama ya mla majani magumu, akamhesabu mnyama huyo kuwa pimbi. Mwaka 1965 Bryan Patterson alionyesha kwamba ni wa jamii ya sange, yule mdogo mwenye pua ndefu. Kanuni za wanasayansi haziruhusu jina la Kilatini libadilishwe kwa kuwa tu limepotosha. Lakini kanuni hizo hazikifungi Kiswahili. Ya nini basi kulifasiri kosa?

Tutaambiwa kwamba sange na pimbi ni ndugu. Ni kweli, tangu 1998 wanatiwa katika kundi moja na tembo, nguva na muhanga. Lakini kwa hoja hiyo hata nguva angeitwa pimbi. Tena 'hyrax' katika Kigiriki cha kale lilikuwa jina la kirukanjia, kwa hiyo anayeng'ang'ania asili ya neno hatafika kwa pimbi hata kidogo.

Linalotusikitisha zaidi ni hili. Kwa muda mrefu Waingereza walimwita sange 'kirukanjia-tembo'. Mwaka 1997 Jonathan Kingdon alipendekeza watumie 'sengi', neno la asili ya Kibantu, na wataalamu wengi wamelipokea. Wenzetu wanajisahihisha kwa maneno ya kwetu, nasi twaenda kuazima makosa yao!

Tulifikiria 'sange wa Karungu', ila masalia yake yamepatikana pia Rusinga na hata Namibia. Twapendekeza 'sange meno-marefu', na jina la Kilatini liandikwe kando yake mara ya kwanza tu.